Mombasa yetu inaenda wapi jamani?

binti_kibokoni
Salaam aleikum wana jamvi. Nimerudi Mombasa baada ya miaka 9 na moyo umeniuma. Nyali zile nyumba za chini zenye miembe uani saa hii ni maghorofa tupu, fleti za kukodisha kwa siku. Kibokoni nako, kule Mji wa Kale, baraza ya babu, pale mzee wa kahawa alikuwa akituwa na dele lake tukisikia vikombe kabla hajatokea kichochoroni, imegeuzwa duka la simu, mlango wa kuchonga wameng'oa wakaweka wa chuma. Ni watalii wametubadilisha ama ni sisi wenyewe?

mpishi_mstaafu
Waalaikum salaam dadangu. Watalii wenyewe wamebadilika. Mimi nimepika hoteli ya ufuoni miaka 14, Wajerumani na Waingereza wakija na ndege za kukodi, wengine kila mwaka wanataka chumba kile kile. 2014 Uingereza ikaonya watu wake wasije, wakaondoka, sisi tukapewa barua za kwenda nyumbani. Halafu 2017 ikaja SGR, treni mpya ya Nairobi, sasa mgeni ni Mkenya wa bara anashuka stesheni ya Miritini Ijumaa na familia, anachukua fleti, anapika mwenyewe, Jumapili huyo. Hao usiwalaumu, mwenye tuktuk na mama wa viazi karai wanakula kwao. Ila hoteli ilikuwa inaandika watu kazi, fleti inataka mlinzi na mtu wa usafi basi.

fundi_chokaa
Hiyo ya Nyali ni kweli lakini Mji wa Kale ugonjwa wake ni mwingine. UNESCO 2011 iliorodhesha ngome ya Fort Jesus kuwa urithi wa dunia, si mitaa yetu, sio kama Lamu ambako mji wa kale wote uliingia 2001. Nyumba ni za watu, na ni za mirathi, warithi kumi na hakuna wa kutoa hela ya boriti. Wakirekebisha wanapiga sementi juu ya ukuta wa mawe na chokaa, unyevu unakosa pa kutokea, ukuta unaoza kwa ndani, mwishowe wanasema nyumba imechoka tuiuze. Huo mlango mliupeleka wapi? Kama ni mti mzuri bado waweza kurudishwa

binti_kibokoni
Wallahi umesema kwetu, warithi ni 11. Nimempigia ami sasa hivi, anasema mlango hawakuuza, umelazwa stoo chini ya mabati. Kesho asubuhi naenda kuuangalia, fundi nakutumia picha inbox.