Kamera ya baisikeli, bei nafuu na betri ikae, nisaidieni

mwendesha_gede:
Salaam wadau. Mimi naenda kazi kwa baisikeli, Gede mpaka Malindi mjini, jioni narudi, na hiyo barabara mwaijua wenyewe, matatu yakupita mpaka wasikia upepo kwa kiwiko, malori ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni nayo hayana simile. Nataka kamera ya kufunga kwa usukani, siku nikigongwa kuwe na ushahidi, namba ya gari ionekane. Shida betri. Hizi nilizoonyeshwa mjini zaisha saa moja na kitu na kazini sina pa kuchaji. Bajeti elfu kumi, nikijikaza kumi na mbili. Nitafute GoPro ya mtumba ama hizi za Kichina?

fundi_wa_shela:
Kaka, GoPro kwa kazi hiyo achana nayo. Picha safi, hapo hatubishani, lakini ni ya kurekodi vipande vifupi, toleo la Hero9 mpaka Hero12 betri ni mAh 1720 (mAh ndio ujazo wa betri) na ukiweka 4K, ile picha kali zaidi, saa moja na nusu ni bahati, sasa ya mtumba betri ishachoka tayari. SJCAM SJ4000 ndio mAh 900, saa moja hivi basi. Kamera ndogo betri ndogo, hakuna muujiza. Ukitaka masaa mengi ndani ya kamera yenyewe kuna Drift Ghost XL, wenyewe wasema masaa tisa kwa 1080p, picha ya ngazi ya chini ya 4K, na mvua haiidhuru, ila kwa elfu kumi mpya huipati.

Mimi ningechukua ya bei rahisi INAYOREKODI HUKU YACHAJI, naifunga na pawabenki ya mAh 10,000. Usipige hesabu ya hizo 10,000 zote, maana ndani ni volti 3.7 yapandishwa mpaka 5 na njiani kuna inayopotea, lakini masaa saba nane wapata, kwenda na kurudi na chenji yabaki. Muhimu ujaribu pale pale dukani, washa irekodi halafu chomeka waya. Kuna zingine zikiguswa na waya tu zaacha kurekodi zakuandikia USB kwa skrini, hiyo mwachie mwenyewe.

boda_mambrui:
Fundi kasema. Sisi wa pikipiki twavuta umeme kwa betri ya pikipiki kwa hiyo hilo halitusumbui, ila nikuongezee, hiyo 4K kwa boksi ya kamera rahisi usiipe moyo, nyingi ni picha ya chini imevutwa tu. Weka 1080p, betri yakaa na kadi haijai upesi. Washa ile ya kujirudia, yakata vipande vya dakika tatu au tano, kadi ikijaa yafuta cha zamani. Kadi nunua ile ya kamera za ulinzi inayovumilia kuandikwa kila saa, na ukifika nyumbani ipime na H2testw, programu ya kupima kadi, kwa kompyuta, maana kadi feki zimejaa, imeandikwa GB 128 ndani mna GB 8.

Halafu usiku usitegemee kusoma namba, taa zaifanya ing'ae nyeupe tupu. Gari ikikubana taja namba kwa sauti, maikrofoni itaishika.

dada_silversand:
Nyote mwasahau bahari 😅 Ule mfuko wa plastiki wa kuzuia maji ukishapitisha waya si wa kuzuia maji tena, na hewa ya chumvi hapa yala tundu la USB mpaka lageuka kijani. Panga waya uning'inie chini kwanza ndio upande kwa kamera, maji yadondokee pale, na jioni pangusa kwa kitambaa kikavu. Masika hii ya Aprili na Mei tia kifuniko. Na pawabenki usiiache juani, betri ya lithiamu kwa joto letu yafura, weka ndani ya begi ya usukani.

Na ukirusha video mtandaoni ziba sura za wapita njia tafadhali, akina mama wengine hawapendi kabisa.

mwendesha_gede:
Shukran dada, shukran fundi. Swali moja, si bora niifunge nyuma chini ya kiti? Wanaonitisha wote watoka nyuma.

fundi_wa_shela:
Ukiwa na moja weka mbele. Gari ikishakupita namba yake ya nyuma iko mbele yako kweupe, na dereva akisimama kugombana nawe yuko kwa picha. Ya nyuma yaonyesha vizuri vile amekuja, kwa hiyo pesa ikipatikana ongeza ya pili. Kibano cha plastiki chini yake zungusha kipande cha tyubu kuukuu kupunguza mtikiso, manake pale kando ya lami pana mashimo, na funga na kamba pia, jua la huku lavunja plastiki mapema.

boda_mambrui:
Tyubu ndio yenyewe. Hata ya bure kwa mafundi wa pancha.