Nimeuziwa "kompyuta ya gemu" ya laki tisa na nusu Kariakoo, nimeifungua nimekuta wizi mtupu. Wauzaji, mpaka lini?

Wakuu, habari za jioni. Kwa kawaida mimi ni msomaji tu humu. Leo nimeshindwa kunyamaza, na naomba mnisome mpaka mwisho, hasa wewe unayejipanga kununua kompyuta yako ya kwanza ya kuchezea gemu kwa bajeti ndogo.

Mwezi uliopita ilifika zamu yangu ya kijumbe. Nikachanganya na akiba niliyokuwa naweka kidogo kidogo tangu mwaka jana, mdogo wangu akaongeza laki na nusu aliyoipata kwenye kibarua cha ujenzi. Jumla laki tisa na nusu. Tulitaka kompyuta ya mezani ya kuchezea GTA V na mpira usiku, na mchana niitumie kutengeneza kadi za harusi na mabango, kazi inayoniweka mjini. Sisi tumekulia kwenye vibanda vya PS vya kulipia kwa mechi, huko Mbagala, tukiambizana kwamba ipo siku tutakuwa na mashine yetu ndani ya nyumba. Ndiyo maana hili limeniuma kuliko hata hiyo hela.

Kariakoo tulidakwa na winga, yaani dalali wa kuvuta wateja, kabla hatujavuka barabara. Akatupandisha ghorofani kwenye duka dogo, jina lake silitaji kwa sasa kwa sababu suala bado linaendelea. Muuzaji akawasha kasha jeusi lenye kioo ubavuni na feni nne zinazobadilisha rangi. Maneno yake nayakumbuka vizuri: "Hii ni Core i7, RAM 16, kadi 1050 Ti original GB 4, diski mpya ya GB 500, saplai wati 600. Hakuna gemu itakayoishinda." Kwa mgeni: i7 ni jina la prosesa, ubongo wa kompyuta; 1050 Ti ni kadi ya picha ya Nvidia, inayochora gemu kwenye monita; saplai ndiyo inayogawa umeme ndani ya kasha.

Nikamuuliza, i7 ya kizazi cha ngapi? Akanijibu, "Mdogo wangu, i7 ni i7. Juu yake hakuna."

Wakuu, huo ndio uongo wa kwanza, na ndio unaowaliza wengi. i7 ni daraja tu, tena ni daraja ndani ya mwaka wake. Kinachokuambia umri wa prosesa ni namba inayofuata. Yangu ni i7-2600, na hiyo 2 ya mwanzo maana yake ni kizazi cha pili. Ilitoka Januari 2011. Mdogo wangu wakati huo alikuwa hajaanza darasa la kwanza. i3-12100 iliyotoka Januari 2022, ambayo kwa maneno ya yule bwana ni "i3 tu", ina kori nne (vitengo vya kufanyia kazi) na nyuzi nane (kazi inazoshika kwa wakati mmoja) sawasawa na hiyo i7, lakini kila kori yake inafanya kazi kubwa zaidi kwa mbali. Halafu i7-2600 haina maagizo ya AVX2 (amri za hesabu nzito ndani ya prosesa), yaliyokuja na kizazi cha nne mwaka 2013, na zipo gemu za sasa ambazo bila hayo hazifunguki. Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel, na Windows 10 muda wake wa kawaida wa huduma uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ukilazimisha Windows 11 kwenye mashine ya namna hii kwa njia za panya, ukaweka Valorant, inakukatalia kwa sababu inataka TPM 2.0 na Secure Boot, kinga za usalama zilizomo ndani ya mashine. Halafu mtu anasimama mbele yangu anasema hakuna gemu itakayoishinda!

Hata kupandisha daraja haiwezekani. Soketi (tundu la prosesa) ya hiyo madabodi, bodi kuu inayobeba kila kitu, inaishia kizazi cha tatu, na RAM zake ni DDR3, aina ya zamani, huwezi kuzihamishia kwenye mashine mpya. Madabodi yenyewe imeng'olewa kwenye kompyuta ya ofisini ikavalishwa kasha jipya la kioo. Mimi sina ugomvi na mtumba, nyumbani kwetu karibu kila kitu ni mtumba. Niambie ni mtumba wa 2011, nipe bei ya mtumba wa 2011, tutaelewana.

Sasa kadi. Siku mbili za kwanza GTA V ilifunguka, tukashangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Ukiingia kwenye mipangilio ya picha, kile kipimo cha kumbukumbu ya kadi kinaonyesha MB 4096, yaani GB 4, nikaamini. Lakini kila tukicheza dakika kumi hivi, barabara zinaanza kupotea, magari yanakuwa madoa ya zambarau, kisha kila kitu kinaganda. Nikadhani ni draiva, ile programu inayoendesha kadi. Nikashusha mpya kutoka Nvidia kwa bando langu, ikamaliza kujiweka, monita ikawa nyeusi na haikurudi tena.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Tandika. Kabla hajaiwasha aliinamia nyuma ya kasha, akagusa tundu la bluu la VGA (la waya wa monita za zamani) kwenye kadi, akasema, "Hii umeshapigwa." Sikumwelewa. Akanieleza kwamba familia ya GTX 10 ya Nvidia iliondoa kabisa mfumo wa zamani wa analojia, kwa hiyo 1050 Ti halali ukiikuta na tundu la VGA, anza kuitilia shaka hapohapo. Tukaiwasha kwa draiva ya zamani, akafungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, ambayo tangu 2018 ina uwezo wa kutambua kadi za kughushi. Mbele ya jina la kadi pakatokea neno FAKE ndani ya mabano. Kwa macho yangu.

Sikuridhika. Nikamwambia fungua. Akalegeza skrubu nne, akaondoa feni na bati lake, akafuta ile dawa ya kijivu kwa pamba yenye spiriti. Herufi zikajitokeza taratibu juu ya kile kichipu: GF116. Hicho ni kichipu cha GTX 550 Ti ya mwaka 2011. 1050 Ti ya kweli, iliyotoka Oktoba 2016, inabeba GP107. Kuna watu wamechukua kadi ya zamani ya GB 1, wakabadilisha programu iliyomo ndani yake ili iidanganye Windows kwamba ni 1050 Ti ya GB 4, wakabandika stika mpya, wakaitia kwenye boksi. Gemu ikiamini kuna GB 4 na kuanza kuzijaza, ikivuka ile moja iliyopo, kila kitu kinavurugika. Magari ya zambarau nikayaelewa pale. Hilo si kosa la bahati mbaya, mtu alikaa chini akalitengeneza.

Diski "mpya" sitaiongelea sana. Programu ya kusoma afya ya diski ilionyesha imeshafanya kazi saa 41,212. Hiyo ni zaidi ya miaka minne na nusu bila kuzimwa.

Ila saplai lazima niiseme, maana hii inaweza kuunguza nyumba ya mtu. Mbele imeandikwa 600W kwa herufi kubwa za njano. Ubavuni kuna jedwali dogo ambalo hakuna anayelisoma. Mstari wa +12V, ambao ndio unalisha prosesa na kadi, umeandikwa 14A. Zidisha 14 kwa 12 unapata wati 168. Prosesa yangu imekadiriwa wati 95, hiyo kadi ya kughushi wati 116, jumla 211. Yaani wameiandika wenyewe kwenye lebo kwamba haitoshi, kisha wakaandika 600 juu yake! Fundi aliniwekea mkononi saplai ya wati 300 iliyotoka kwenye mashine ya ofisi, na mkono wa pili hiyo yangu ya "600". Yangu ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Na umeme wetu mnaujua unavyopanda na kushuka.

RAM peke yake ndiyo aliyosema kweli. GB 16, vijiti viwili vya nane.

Nikarudi dukani na mdogo wangu. Muuzaji hakuiangalia hata hiyo kadi. Akanionyesha risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Risiti yenyewe ya kuandika kwa mkono, kwa sababu siku ile aliniambia nikitaka ya EFD (ya mashine ya kodi) niongeze asilimia 18, na mimi nikakubali kuiacha. Hilo nalibeba, nilikosea. Kisha akasema kwa kuwa nimefungua kadi, "nimeshaichezea". Yule winga alikuwa amekaa palepale kwenye stuli, akajifanya hanijui.

Najua wapo watakaoniambia ningeenda na fundi. Mimi nilikwenda dukani kununua, sikwenda kufanyiwa mtihani. Kijana anayenunua kompyuta yake ya kwanza atajuaje GF116? Anayejua ni muuzaji. Na kuna wakongwe humu nawalaumu pia: kila mtu akiuliza kwa bajeti ndogo achukue nini, mnamjibu "tafuta i7 used, weka kadi, umemaliza". i7 ya mwaka gani? Kadi inayokula wati ngapi? Saplai ipi? Hamsemi. Wauzaji wanauza majina kwa sababu sisi wenyewe tumewafundisha watu kuulizia majina.

Nikipata tena hela ile, na nitaipata, nitaanzia kwenye saplai na madabodi, vitu visivyowaka rangi. Njia moja fundi aliyonishauri ni prosesa ya Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, ambayo ina sehemu ya kuchora picha ndani yake, unaweka vijiti viwili vya RAM (viwili, siyo kimoja, kwa sababu picha yake inategemea kasi ya RAM), unaanza kucheza gemu nyepesi bila kadi kabisa, kadi inakuja siku ukiwa nayo. Njia ya pili ni mashine ya ofisi ya kizazi cha nane, mfano yenye i5-8500, halafu kadi ya GTX 1650 isiyohitaji plagi ya umeme, inayotosheka na wati 75 za kwenye sloti, pale kadi inapochomekwa kwenye madabodi. Hapo angalia kasha lisiwe lile jembamba, kadi ya kawaida haiingii. Na usidhani utabadilisha saplai kirahisi, mashine nyingi za ofisi za Dell na HP zina plagi zao wenyewe. Popote unaponunua kadi, dai iwashwe mbele yako, fungua GPU-Z, na gemu nzito ichezwe nusu saa. Akikataa, ondoka.

Jumatatu naenda Tume ya Ushindani. Nimesoma kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na sidhani maandishi ya chini ya risiti yanaweza kuhalalisha bidhaa ya kughushi. Ushahidi nilionao ni huu: ujumbe wa muamala wenye jina la aliyepokea hela, meseji ya WhatsApp ambayo yeye mwenyewe ameandika "1050Ti 4GB original", risiti ya mkono, na kadi iliyofunguliwa.

Ninachoomba kwenu ni kimoja. Kama kuna mtu humu aliwahi kurudishiwa hela yake kwa bidhaa ya kughushi akiwa hana risiti ya EFD, aniambie alianzia dirisha gani na walimtaka apeleke nini. Na kama umeuziwa kadi yenye tundu la VGA ikiitwa 1050 Ti, weka picha yake hapa chini, nizipeleke zote pamoja.