"NIOGELEE?" Yani hilo ndo jibu nililopewa kituoni leo asubuhi

Ngosha wa Mwaloni (mwanzisha uzi)
Wakuu naandika mkono unatetemeka, makosa ya herufi mtanivumilia. Nimetoka kituoni sasa hivi, kile kile mnachokijua, na niliyemkuta ni yule yule mnayemjua, yule wa kaunta ambaye kitambi kinaingia zamu kabla yake. Simtaji, hakuna mtu wa mwaloni, huku Mwanza tunakoshushia dagaa, ambaye hajapita mbele ya kile kitambi.

Iko hivi. Usiku wa kuamkia leo vijana wangu walikuwa ziwani na dagaa, giza totoro, taa zinaelea, ikaja boti imezimwa inapigwa kasia kimya kimya, watu watano na mapanga. Dagaa hawakutaka, nyavu hawakutaka, walitaka mashine ya boti tu, Yamaha HP 15 niliyonunua kwa hela ya kikoba na rejesho bado linaniuma, wakaifungua taratibu na spana zao kama mafundi wakasepa nayo. Vijana wamepiga kasia mpaka saa mbili asubuhi ndo wanafika, mmoja kiganja kimechanwa, kafungwa na mwenzie kwa kipande cha chandarua.

Nafika kaunta namweleza afande mwanzo mwisho, yeye yupo kwenye simu anaangalia klipu anacheka, mi nikajua anacheka klipu. Namaliza. Ananyanyua macho ananiambia "sasa tajiri ulitaka mimi nifanyeje, niogelee?"

NIOGELEE.

Wakuu mpaka mahabusu wamecheka. Kuna mmoja kashika nondo kule ndani, hana shati hana kiatu, yeye ndo ana kesi, halafu ananicheka MIMI.

Nikameza. Nikasema basi afande niandikie RB, ile namba ya kuonyesha nimeripoti. Ananiambia nenda kaombe loss ripoti mtandaoni. Loss ripoti! Yani mashine ya kilo thelathini na ushee imenidondoka mfukoni nikishuka daladala Buzuruga? Alafu karatasi zimeisha nikanunue rimu, na nikitaka mpelelezi afike mwaloni gari haina mafuta. Hayo mi sina kinyongo nayo, tumeshayazoea, hata rimu ningenunua mbili. Ila niogelee? Mtu una watoto wanne, unaambiwa niogelee?

Na aogelee wapi kwa tumbo lile, ziwa si lingefurika mpaka Bukoba.

Furu Kavu
Pole sana mkuu. Swali dogo tu, kwahiyo mwishoni aliogelea au hakuogelea?

Karabai
😂😂😂 Mahabusu hana shati anakucheka. Ngosha umeisha.
Ila na we tajiri, wewe umelala na shuka lako mpaka shingoni, watoto wa watu wapo ziwani na mapanga, leo unalia kuogelea. Ungekuwepo wewe usiku ule ungeogelea kweli.

Ngosha wa Mwaloni
@Karabai hapa tunaongelea kituoni usinihamishe. NIOGELEE, na klipu hajaisimamisha, sauti ya klipu inaendelea.

Dada wa Nyakato
Huyo kijana wa kiganja mmemchukulia PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha, au mnaangaika na mashine tu? Maana hiyo fomu mi naijua. Nilipigwa chupa na kibaka, kufika hospitali naambiwa kalete PF3, kituoni naambiwa mwenye fomu kaenda kula. Nimekaa kwenye benchi masaa matatu kanga nimeikandamiza kichwani, damu imeganda imeshika na nywele, karudi anachokonoa meno ananiuliza "ulikuwa umekunywa?" Kwahiyo kaka yangu we umebahatika umepewa utani.

Wakili wa Kijiweni
Mleta mada sikiliza. Mtu akikutolea panga akachukua mali huo sio upotevu, hata wizi wa kawaida sio. Ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A kwenye Kanuni ya Adhabu, kuanzia miaka 30 jela. Ndo maana anakusukumia loss ripoti, akiandika unyang'anyi inabidi jalada lifunguliwe na mtu alifanyie kazi. Na haya yote jaji mstaafu Chande na tume yake ya haki jinai walishaambiwa 2023, ripoti ikafika mpaka kwa rais.

Furu Kavu
Ripoti iliogelea?

Mzee wa Zamu
Wanangu nimevaa magwanda miaka mingi, ngoja niseme. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800 na zaidi kidogo ya nusu ni maji yetu. Boti ya doria inakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi, wezi wakishaingia visiwani wanapiga grinda namba ya mashine, kesho inauzwa kwa mwenzako mliyekaa nae kikoba. Askari wa kaunta hana boti. Ana kalamu, na kalamu yenyewe kanunua mwenyewe.

Ngosha wa Mwaloni
Mzee shikamoo. Sikumwomba boti. Nimemwomba aandike.

Karabai
Hapo mzee kakamatika 😂

Furu Kavu
Mi nasema turudishe sungusungu basi. Miaka ya 80 kule Kahama na Nzega ndo walianza, mwano, yani yowe la hatari, ukipigwa kijiji kizima kinatoka na upinde, mwizi wa ng'ombe alikuwa anahama mkoa mwenyewe bila nauli.

Dada wa Nyakato
Sungusungu ipi? Walimchapa baba yangu mdogo viboko kwa ng'ombe wake mwenyewe, aliyemzalisha kwa mikono yake, sababu jirani kasema yule ng'ombe "anafanana" na wake. Koma.

Mzee wa Zamu
Na hiyo zamani mnayoililia mimi naikumbuka. Mwaka 1976 huku Mwanza na Shinyanga ilipita operesheni ya kuwasaka wauaji wa vikongwe, watuhumiwa wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa dola. Waziri wa mambo ya ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi, yule aliyekuja kuwa rais, na hakumgusa mtu kwa mkono wake, ila 1977 alijiuzulu.

Dada wa Nyakato
Waziri kaachia wizara nzima, huyu wenu hata klipu kashindwa kuiachia.

Karabai
Mnabishana sungusungu wakati sisi huku tunatoa elfu mbili kila mwezi ya ulinzi shirikishi, mlinzi analala bandani kwa muuza chipsi. Juzi kaibiwa yeye, filimbi, tochi na viatu. Asubuhi anapita nyumba kwa nyumba anaomba mchango wa filimbi.

Wakili wa Kijiweni
Huku kwetu elfu tatu na hatujawahi kumwona mlinzi, tunaona risiti tu.

Furu Kavu
Nyie mna risiti??

Ngosha wa Mwaloni
Wakuu nimerudi kituoni na rimu. Yule hayupo, zamu yake imeisha. Nimemkuta binti mdogo tu kajipanga vizuri, nikasema afadhali, namsalimia hata sijaanza kueleza anainama chini ya kaunta anacheka, anainuka ananiuliza "we ndo yule wa kuogelea?"

Karabai
Risiti ya nini sasa, mlinzi wa kwetu ukimdai risiti ndo anaacha hata kupita.
Halafu kuna mtu yupo Mwaloni saa hizi? Ndoo ya dagaa leo shingapi?

Dada wa Nyakato
Wa kuanika au wa kukaanga?