ISN ya Babylon 5 ilianza kudanganya lini?

BintiMkasi:
Wakuu, nairudia Babylon 5, ile tamthilia ya kituo cha angani, na kuna jambo linaniwasha. Kila mtu anasema ISN, ile televisheni ya habari ya Dunia, iliharibika majeshi ya Clark, rais dikteta wa Dunia, yalipoivamia ikiwa hewani kwenye kipindi cha "Severed Dreams". Mimi nabisha. Rudini "And Now for a Word" ya 1995, ambayo kipindi kizima ni taarifa ya ISN yenyewe. Mtangazaji Cynthia Torqueman anamhoji Delenn, balozi wa Waminbari aliyejigeuza nusu binadamu, kuhusu sura yake mpya mpaka anamliza, na kamera haibanduki usoni. Halafu linakuja tangazo la Psi Corps, shirika la wasoma mawazo, lenye maneno ya siri, kufumba na kufumbua yamepita. Hakuna askari aliyekuwa ameingia studio. Je, walishanunuliwa?

MzeeWaMars:
Binti, punguza jazba. Kuliza mgeni ni biashara, na tangazo limelipiwa. Ilipofika saa ya kweli walisoma habari za koloni la Mars kupigwa mabomu na Clark mpaka matangazo yakakatika kwa milipuko. Muuza roho hafanyi hivyo. Na yule mtangazaji mwanamke aliyekuwa akisoma siku hiyo akarudi hewani kwenye "Endgame".

Kidampa:
Nimeanza msimu wa kwanza juzi. Asanteni kwa kunimalizia utamu.

BintiMkasi:
Pole mdogo wangu, funga macho.

Mzee, la Mars nakupa. Ila itazame "The Illusion of Truth" kwa jicho la kazi yangu, maana nahariri video za harusi. Sheridan, mkuu wa kituo, anajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Kilichobadilishwa ni swali la Dan Randall, mwandishi wa ISN. Ni kazi nyepesi mno: unamrekodi muulizaji baadaye, peke yake, unabandika. Mimi nilishamchukua mjomba aliyekuwa akifikicha macho kwa usingizi, nikamweka pale bibi harusi anapoingia, ukoo mzima ukaamini anafuta machozi. Nikapewa na bahasha! Clark hakuwafundisha ISN ufundi huo. Aliukuta.

MzeeWaMars:
Ufundi sikatai. Ila Randall alimwambia Sheridan mapema kwamba mengi yatapindishwa, ukweli kidogo tu ndio utapenya. Sheridan akakubali. Unamlaumu nani?

BintiMkasi:
Wote wawili. Ndiyo maana baadaye Sheridan akaanzisha matangazo yake mwenyewe, Sauti ya Upinzani, naibu wake Ivanova akisoma.

MzeeWaMars:
Hiyo nayo kuna aliyekuwa akiihariri, binti.

BintiMkasi:
Najua. Ningeomba kazi hiyo mimi.