Naomba ushauri: rilei za taa kubwa kwenye Land Cruiser ya zamani

Wakuu, salamu kutoka Arusha. Land Cruiser ya 1994, balbu H4 za 60/55W, taa hafifu mno. Injini ikiwaka betri inasoma volti 14.1, kwenye soketi ya balbu 11.8. Volti 2.3 zinapotelea kwenye swichi, waya mwembamba na ethi (muungo wa hasi kwenye bodi) iliyoota kutu ya kijani.

Nataka kufunga rilei (swichi inayowashwa kwa mkondo mdogo ili ipitishe mkubwa) mbili za 30A, waya wa 2.5 mm², fyuzi za 15A karibu kabisa na betri, ethi mpya kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi, na grisi ya silikoni. Balbu za 100W hapana, zinayeyusha soketi.

Kinachonikwamisha: swichi ya gari hili inakata upande wa hasi, chanya ipo muda wote. Pini 85 na 86 (za koili inayowasha rilei) niziunge wapi? Na kwa matope ya huku, maungio nibane tu au nilehemu pia?