Bolti za Mauser zinazotengenezwa leo: ipi inafaa kwa nyati?

Msasi_Bonde
Wakuu, salaam. Natafuta bunduki moja ya bolti (chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono ili kulisha risasi) ya kuwindia wanyama wakubwa, hasa nyati, na nimeshaamua iwe ya mtindo wa zamani: ukucha mrefu ubavuni mwa bolti, magazini iliyozama ndani ya kitako, sefti (kizuizi cha usalama) inayoshika pini ya kufyatulia yenyewe, chuma na mbao. Zile za kuvuta moja kwa moja kama Blaser R8 naziheshimu kwa kasi yake, ila kwa leo tuziweke kando.

Ninazozipima ni Mauser M98 Magnum mpya, Rigby Big Game, Winchester Model 70 Safari Express, Ruger Hawkeye African na Zastava M70. Nimeongeza CZ 550 Magnum iliyotumika, kwa sababu mpya hazitengenezwi tena. Risasi bado nasita kati ya .375 H&H na .416 Rigby.

Kila tangazo linataja Mauser 98. Jeshi la Ujerumani liliipokea bolti hiyo mwaka 1898, na tangu hapo kila kiwanda kimechukua kilichokipenda na kuacha kingine. Nani amebakiza yaliyo muhimu, na nani amebakiza sura tu?

Fundi_Mtutu
Mkuu, hilo ndilo swali. Nianze na ukucha, maana watu wengi wanausifu bila kueleza kazi yake. Risasi inapopanda kutoka magazini, tako la ganda linateleza na kuingia chini ya ukucha kabla bolti haijafungwa. Kuanzia hapo risasi imeshikwa. Ukiishia njiani kwa sababu ya haraka ukairudisha bolti, risasi inarudi nayo na kutupwa nje. Kwenye mfumo wa kusukuma, kama Remington 700 ya mwaka 1962, risasi inatangulia ikiwa huru, na kitoa ganda kinaiuma pale tu bolti inapofungwa. Ukisukuma risasi hadi chemba, kisha ukavuta bolti kabla ya kuifunga, risasi ile inabaki ndani, na ya pili inakwenda kugonga mgongo wake. Bunduki imeziba, na nyati aliyejeruhiwa hakupi nafasi ya kuizibua.

Ukucha peke yake hautoshi. Jambo ambalo viwanda vingi vya leo vinalipuuza ni sanduku la magazini. Kwa Mauser, kila aina ya risasi ilikuwa na sanduku lake. Risasi zikipangwa kwa kupishana, upana wa ndani wa sanduku unatakiwa uwe kipenyo cha ganda mara 1.866. Tako la .416 Rigby lina karibu mm 15, kwa hiyo nyuma sanduku linataka karibu mm 28. Ukanda (pete nene ya takoni) wa .375 H&H una mm 13.5, hivyo linatosha la mm 25. Kwa kuwa ganda linapungua unene kuelekea mbele, kuta za sanduku nazo zinafuata, na zile kingo mbili za juu zinazoizuia risasi zinachongwa kwa umbo la risasi hiyohiyo. Kiwanda kinachoweka sanduku moja kwa risasi tatu tofauti, kikabadilisha mtutu tu, kimeacha nusu ya kazi. Hata ukucha uwe mzuri kiasi gani, risasi itapanda ikiwa imepinda.

Kuna pia gesi. Fataki (kiwashio kilicho takoni mwa ganda) ikitoboka au tako likipasuka, bolti ya 98 ina matundu yanayotupa gesi kwenye mfereji wa kushoto, na nyuma kuna kingo pana inayoikinga isifike usoni. Lipo jino la tatu la kufungia bolti nyuma, la akiba, endapo mawili ya mbele yatashindwa. Mauser M98 ya leo, inayotoka Isny huko Ujerumani, imebaki na hayo yote, na mwili wake (fremu ambamo bolti hukaa) unachongwa kutoka bonge moja la chuma kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Chuma chenyewe ni aloi bora kuliko kile cha zamani, ambacho kilikuwa laini ndani na kigumu kwenye ngozi tu. Sefti wameibadilisha ili ilale kwa ubavu, kwa sababu ile ya asili husimama juu na kugonga darubini. Hilo mimi nawapongeza.

NyatiMweusi
Model 70. Mimi nina .375 yenye mtutu wa sentimita 61 na hainipi shida. Kilo 4 na ushee, unaibeba kutwa nzima.

Karne_ya_98
Naongezea historia, kwa sababu inaeleza kwa nini orodha yako ni fupi namna hiyo. Mwili wa kawaida wa Mauser ulipimwa kwa risasi za jeshi zenye urefu wa mm 82 hivi. Risasi nzima ya .375 H&H ya mwaka 1912 ina mm 91, na .416 Rigby ya mwaka 1911 ina mm 95. Hazienei. John Rigby & Co., iliyoanzia Dublin mwaka 1775, ndiyo iliyowaomba Mauser watengeneze mwili mrefu mwanzoni mwa karne ya 20. Ilitengenezwa michache. Mwaka 1945 Wafaransa waliingia Oberndorf, mji wa kiwanda cha Mauser, na kiwanda kikabomolewa, na kwa miaka mingi baada ya hapo mwindaji aliyetaka mwili mrefu wa kweli alibaki na masalia ya kabla ya vita, au Brno ZKK 602 kutoka Chekoslovakia. CZ 550 Magnum ni mtoto wa hiyo ZKK.

Mafundi wengine walichukua mwili wa kawaida wakauchonga kwa ndani ili .375 iingie. Tatizo ni kwamba chuma wanachokitoa kwenye mteremko wa kulishia ndicho kinachoegemeza jino la chini la bolti. Zipo zilizodumu, lakini mimi nisingechagua njia hiyo wakati leo kuna miili mirefu mipya.

Rigby ilihamishiwa California mwaka 1997, kisha mwaka 2013 ikarudi London chini ya kampuni ileile inayomiliki Mauser. Rigby Big Game ya leo inatumia mwili wa Mauser Magnum na mtutu kutoka Ujerumani, kisha kitako, vilenga na umaliziaji vinafanyika London. Kwa hiyo, mkuu, hizo mbili za juu kwenye orodha yako moyo wao ni mmoja. Tofauti ni mikono iliyomalizia.

Msasi_Bonde
Ahsanteni. Karne, hilo la Rigby na Mauser kuwa na mwili mmoja sikulijua. Na Zastava?

Karne_ya_98
Zastava ya Kragujevac, Serbia, ni 98 halali kwa ukoo, ila ni mwili wa kawaida. Ukitaka .375 H&H ndani yake, unarudi kwenye habari ya kuchonga niliyosema. Usichukue Zastava ya .375. Ichukue ya 9.3x62, ambayo Otto Bock wa Berlin aliibuni mwaka 1905 makusudi ienee kwenye mwili wa kawaida wa Mauser. Inalishwa vizuri sana. Tatizo lake ni sheria: nchi nyingi za Afrika zinaweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari, na ni chache zinazoikubali 9.3. Angalia sheria ya unakokwenda kabla hujatoa hela.

Dada_Walnati
Jamani, Ruger mnaipita haraka mno. Hawkeye ina ukucha wa kweli, sefti ya hatua tatu, na vikalio vya darubini vimechongwa humohumo kwenye mwili, hakuna skrubu ya kulegea kwa mtikisiko. Wapo wanaoikataa kwa sababu mwili wake unasubiwa kwenye kalibu badala ya kuchongwa. Kwa nguvu na usalama sijaona sababu ya kuogopa. Ruger wamesubu bunduki kwa miongo mingi. Nakubali kwamba ukiweka kidole ndani ya mfereji wa bolti utasikia mikwaruzo ambayo Mauser mpya haina.

Ubora wake ni kwamba wao hawakunyoosha mwili ili risasi ienee, walibadilisha risasi. .375 Ruger ilitoka mwaka 2007 wakishirikiana na Hornady. Haina ukanda, unene wa ganda lake ni sawa na ule ukanda wa .375 H&H, na urefu wake unaenea kwenye mwili wa kawaida. Unapata nguvu ya H&H au zaidi kidogo, na bolti unaivuta umbali mfupi. Kwa mtu mwenye mikono mifupi kama mimi hilo lina maana kubwa, maana kwenye mwili mrefu ni rahisi kutoivuta bolti hadi mwisho.

Fundi_Mtutu
Dada, umesema kweli kuhusu umbali wa kuvuta. Langu moja tu: .375 H&H ina ganda linalochongoka taratibu, halina bega pana, na ndiyo maana inaingia chemba kwa ulaini hata ikija imepinda kidogo. .375 Ruger ni nene hadi karibu na bega. Inalishwa vizuri pale sanduku na kingo zikiwa sahihi, lakini haisamehi kama H&H. Pia risasi za H&H unaweza kuzipata sehemu nyingi ambako za Ruger hawajazisikia, na mizigo ya safari hupotea.

Shabaha_Moja
Naomba kupinga kidogo. Wawindaji wameua nyati kwa bolti za kusukuma kwa zaidi ya nusu karne. Aliyezoea bunduki yake anavuta bolti hadi mwisho bila kufikiri. Mnaupa ukucha sifa ambazo ni za mazoezi.

Fundi_Mtutu
Mazoezi ni lazima, hilo sikatai. Ila angalia Winchester. Model 70 ilitoka mwaka 1936 ikiwa na ukucha. Mwaka 1964 waliuondoa ili kupunguza gharama, wanunuzi wakaanza kuzitafuta zile za kabla ya 64, na miaka ya 1990 kiwanda kikaurudisha. Mwaka 2006 kiwanda chao cha New Haven kilifungwa, kampuni ya FN ikaendeleza uzalishaji Carolina ya Kusini, na baadaye kazi ya kuunganisha ikahamia Ureno, ukucha ukiwa palepale. Kiwanda hakirudii kazi ya gharama kubwa kama hakuna anayeihitaji.

Kwa NyatiMweusi: Model 70 yako ni nzuri, na mdomo wa chemba uliotanuka kama faneli unasaidia risasi kuingia. Lakini mdomo huo huo hauizungushii bolti pete ya chuma kama 98. Na triga ya sasa imefungwa ndani ya kasha. Ile ya kabla ya 64 ilikuwa wazi, vipande vichache, ukipuliza vumbi linatoka. Hapo ya zamani inaishinda mpya.

Msasi_Bonde
Tukija kwenye risasi: je, .416 Rigby inastahili kuongeza uzito wa bunduki na mateke yake begani?

Karne_ya_98
.375 inarusha gramu 19.4 kwa karibu mita 770 kwa sekunde, nguvu kama jouli 5,750. .416 inarusha gramu 25.9 kwa mita 720 hivi, inafika jouli 6,700. Begani utaijua tofauti. Kinachonivutia kwenye .416 Rigby ni shinikizo: kiwango chake cha juu ni megapaskali (MPa) 325, wakati .375 H&H na .416 Remington ziko MPa 430. Ganda ni kubwa kwa sababu lilibuniwa enzi za kodaiti, baruti ambayo shinikizo lake lilipanda vibaya kwenye joto la tropiki. Hadi leo ganda linatoka chemba kwa urahisi hata jua likiwa kali.

Dada_Walnati
Kwa bunduki moja ya kila kitu, .375. Ukitaka nyati na tembo pekee, .416.

Mzee_wa_CZ
Nimechelewa. CZ 550 Magnum ninayoimiliki ni .375, magazini inachukua risasi 5 wakati Model 70 inachukua 3, na mwili wake ni mrefu kweli, .416 Rigby inaenea bila kuchonga chochote. Triga ina hatua ya kusukuma mbele ili ilainike. Mimi siitumii hatua hiyo porini, na ukiwa karibu na mnyama hatari usiiguse. Ilipotoka kiwandani bolti ilikuwa nzito kuvuta, kingo za magazini kali. Fundi alizisugua, akatia kitako gundi ngumu nyuma ya mhimili wa teke (jino la mwili linaloegemea mbao bunduki ikirudi nyuma) na kuongeza boriti ya pili ya chuma ndani ya mbao, maana nilikuwa nimeshaona ufa mwembamba. Baada ya hapo imekuwa bunduki ninayoiamini kuliko zote. Ukinunua iliyotumika, fungua skrubu, toa mwili kwenye kitako na utazame mbao nyuma ya mhimili huo na nyuma ya ulimi wa triga. Muuzaji akikataa, ondoka.

Ukikuta Brno ZKK ya zamani, jihadhari: sefti yake inarudi nyuma ili kufyatua, kinyume na zilizo nyingi.

Msasi_Bonde
Basi nimebaki na mbili: M98 Magnum nikiweza kungoja, au CZ iliyotunzwa nikitaka mapema. Risasi .375 H&H. Fundi, nikifika dukani nizijaribu vipi kabla ya kulipa?

Fundi_Mtutu
Nenda na risasi za mfano zisizo na baruti wala fataki, za urefu kamili, zenye vichwa vya aina mbili: cha mviringo na cha ncha bapa. Hakikisha bunduki ni tupu na mtutu unaelekea mahali salama. Jaza magazini, kisha vuta na sukuma bolti taratibu sana ukitazama kila risasi inavyoingia chini ya ukucha. Rudia kwa nguvu na haraka, kama utakavyofanya porini. Halafu rudia bunduki ikiwa imelala ubavu, na ikiwa imegeuzwa juu chini. 98 iliyotengenezwa sawasawa inalisha kote huko. Ncha bapa ikikwama kwenye mteremko hata mara moja, mwambie muuzaji airudishe ikarekebishwe kabla hujalipa, hata kama jina lililochongwa kwenye mtutu ni kubwa kiasi gani. Na usisahau risasi ya mwisho, ile isiyo na nyingine chini yake ya kuishikilia. Hiyo ndiyo huruka ovyo ikiwa springi ya magazini ni dhaifu.

Msasi_Bonde
Nimeelewa. Nitaleta majibu humu nikishazishika zote mbili.