Barua ya umeme dukani (Uingereza): niache mkataba ujihuishe, nisaini upya au nimfuate dalali?

MamaKisamvu, Reading

Wakuu, habari za majukumu. Nina duka la vyakula vya nyumbani: friza nne za samaki, kisamvu na mihogo, na friji moja ya soda. Leo nahamisha mzani, nakuta chini yake barua ya kampuni ya umeme, ina wiki tatu. Mkataba wangu unaisha tarehe 31 mwezi ujao, yaani zimebaki siku 39.

Wanasema nikikaa kimya mkataba utajihuisha wenyewe kwa miezi 12, peni 41.8 kwa uniti. Nikisaini nao miaka miwili ni peni 33. Na jana dalali kanipigia, ana peni 27.9 kwa miaka mitatu, ila anataka nikubali papo hapo kwenye simu. Kwa sasa nalipa peni 26, na kwa mwaka natumia kama uniti 22,000. Nyumbani tumezoea LUKU: ukiishiwa unanunua, mchezo umeisha. Huku naona kama nimeolewa na hawa watu bila mahari. Mnanishauri nini?

KinyoziLeicester

Dada, usikae kimya kama mimi. Barua yangu niliifungua, nikaona kurasa nne za maandishi madogo, nikaitia kwenye droo ya mashine za kunyolea. Mkataba ukajihuisha. Bili ilipokuja nikapiga simu, kijana akanijibu kwamba nimeshafungwa mwaka mzima. Nikalipa miezi saba nikiugulia moyoni. Mimi kwa maoni yangu chukua hiyo ya dalali, peni 27.9 ni nafuu mno ukilinganisha na 41.8.

MhasibuWaMtaa

Kinyozi, pole sana mkuu, lakini kijana yule alikupotosha. Ngoja nieleze, maana wengi wanaliwa hapa.

Tangu 2010 mkataba wa biashara ndogo kabisa hauwezi kujihuisha kwa zaidi ya miezi 12 kwa mkupuo. Kisha CMA, wale wanaochunguza ushindani wa soko, wakatoa amri iliyoanza kufanya kazi 2017: mkataba uliojihuisha wenyewe hauna faini ya kuuvunja, na kama kampuni inataka ilani, haiwezi kuzidi siku 30. Ungeondoka mwezi wa kwanza tu.

Biashara ndogo kabisa ni ipi? Ama una wafanyakazi chini ya 10 na mauzo ya mwaka yasiyozidi yuro milioni 2, ama unatumia umeme usiozidi uniti 100,000 kwa mwaka. Mama Kisamvu na uniti zake 22,000 yumo bila ubishi.

Sasa hesabu, bila ada ya siku (ile unayotozwa kila siku, utumie usitumie):

Kukaa kimya: 22,000 × 41.8 = pauni 9,196 kwa mwaka.
Kusaini nao: pauni 7,260.
Dalali: pauni 6,138.

Ukiishia hapo dalali kashinda. Lakini ule wa 41.8 unaweza kuutoka. Ule wa 27.9 ukishasema "ndiyo" kwenye simu, umefungwa miaka mitatu. Biashara haina zile siku 14 za kubadili mawazo anazopewa mtu wa nyumbani, na maneno ya simu ni mkataba kamili kama wa wino. Wala usitegemee ile bei kikomo ya majumbani, haituhusu sisi wenye maduka.

ZamaniDalali

Nimefanya udalali wa umeme Birmingham miaka miwili, kwa hiyo nisikilizeni. Dalali hakutozi hela mkononi, mnasikia "huduma ni bure". Chake kinawekwa ndani ya bei ya uniti. Akiongeza peni 2 tu kwa uniti zako, ni 22,000 mara miaka mitatu, pauni 1,320. Ndiyo maana anapenda mitatu kuliko mmoja, na ndiyo maana lazima iwe leo. Sisi tulikuwa na ubao ukutani, kila "ndiyo" ya miaka mitatu inapigiwa kengele.

Tangu Oktoba 2022 kampuni ya umeme inatakiwa kumwonyesha mteja mdogo malipo ya dalali kwenye masharti ya mkataba. Tena dalali lazima awe kwenye mpango wa kusuluhisha malalamiko. Mwulize mambo mawili kabla ya salamu: kamisheni yako pauni ngapi kwa muda wote, na umesajiliwa mpango gani? Akianza kuzunguka, kata simu. Wapo wazuri, sikatai. Mzuri atakutumia maandishi na kukupa siku ya kusoma.

Bibi_wa_Cherehani

Niongeze dogo japo si la mada. Mimi nina cherehani tatu na pasi, natumia kama uniti 11 kwa siku, na miaka yote nilikuwa natozwa VAT asilimia 20. Kumbe biashara isiyozidi wastani wa uniti 33 za umeme kwa siku inalipa asilimia 5. Niliandika, wakanirudishia. Mama Kisamvu kwa friza zako hizo utakuwa juu, lakini wengine hapa angalieni bili zenu.

KinyoziLeicester

Kwa hiyo Mhasibu unamshauri aache tu ijihuishe kwa vile kuna mlango wa kutokea? Hata mwezi mmoja wa peni 41.8 na friza nne si mchezo.

MhasibuWaMtaa

Hapana mkuu. Nasema akichelewa asife moyo. Kwanza apeleke ilani leo hii kwa barua pepe kwamba hataki mkataba ujihuishe, halafu atafute bei. Ila asikae na ilani mkononi akasahau kutafuta. Tarehe 31 ikipita hana mkataba mpya, atatupwa kwenye bei ya nje ya mkataba, na mara nyingi hiyo ni kali kuliko hata ya kujihuisha. Hapo ndipo watu wanaruka mkojo na kukanyaga mavi, samahanini.

Na uhakikishe hudaiwi. Ukiwa na deni, kampuni ya zamani inaweza kukuzuia kuhama.

NdugaGlasgow

Kwa anayefungua duka jipya: ukikabidhiwa ufunguo tu na ukawasha taa, tayari upo kwenye mkataba wa kudhaniwa na kampuni iliyopo pale, hata kama hujasaini kitu. Bei yake huwa juu, lakini unaondoka siku yoyote bila ilani wala faini. Piga picha ya mita siku hiyohiyo. Mimi nilipiga, ikaniokoa na bili ya mpangaji aliyetangulia.

Mama, mkataba wako wa pango unaisha lini?

MamaKisamvu, Reading

Ewaa, hilo sikuliwaza. Pango limebakiza miezi 14, na mwenye nyumba ameshaanza kusema anataka kubomoa ajenge fleti.

NdugaGlasgow

Basi miaka mitatu ya umeme kwenye duka la miezi 14 ya nini? Hata ile miwili isahau.

MamaKisamvu, Reading

Wakuu, mrejesho baada ya siku nne. Ilani nimetuma, wamejibu na namba ya kumbukumbu, nimeipiga picha. Barua yenyewe ina bei ya sasa na matumizi yangu ya mwaka, kwa hiyo nilipopigia kampuni nyingine tatu sikubabaika, nilisoma tu pamoja na ile namba ndefu ya mita kwenye bili. Mmoja kanipa peni 28.6 mwaka mmoja, moja kwa moja bila mtu wa kati. Ni pauni 154 zaidi ya dalali kwa mwaka, lakini nalala. Nilidai masharti kwa maandishi, nikayasoma usiku, asubuhi nikasaini.

Dalali nilimwuliza la kamisheni. Kimyaaa, mpaka nikadhani simu imekatika. Akasema atanirudia na meneja wake.

@KinyoziLeicester na wewe fuatilia zile hela zako.

MhasibuWaMtaa

Kweli, Kinyozi. Andika malalamiko rasmi kwa kampuni, useme uliambiwa huwezi kutoka. Wiki nane zikipita bila jibu la kuridhisha unakwenda Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya umeme na gesi, ni bure. Tangu Desemba 2024 hata biashara zenye wafanyakazi chini ya 50 zinaruhusiwa huko, japo ule mlango wa kutoka kwenye mkataba uliojihuisha ni wetu sisi wadogo kabisa.

KinyoziLeicester

Naandika usiku huu. Barua bado ipo kwenye droo, imejaa nywele.

MamaKisamvu, Reading

Dalali huyoo kapiga tena na meneja wake. Nimewaambia wasubiri, nina mteja wa pweza.